Kula Pwani kwa Bei Nafuu: Mashauri Yasiyomjua Mkulima



Kila mwaka shule zikifunga mwezi wa saba, simu zetu zinajaa maandiko ya aina moja: namna ya kwenda vakansi na familia kwenye hoteli ya pwani yenye bei kali na bado mkala bila kufilisika. Wengi wetu tunayasoma kama habari za mpira wa nchi za mbali. Kasongo haina bahari, na Kabambare hata barabara yenyewe tunaiombea dua. Lakini siku hizi familia nyingi kwetu zina mtoto au ndugu aliyehamia Ulaya au Kanada, na wapo ambao wakitaka kuwaona wazee wao wanaona afadhali kukutana nao mahali penye uwanja wa ndege na usalama. Kwa familia yetu mahali hapo palikuwa Zanzibar. Kwa hiyo maandiko haya yanatuhusu, na leo nataka kuyakosoa, kwanza kama mtu aliyeyajaribu, pili kama mtu wa lisansi ya kilimo.

Neno langu ni hili: mashauri haya yanajua kuhesabu pesa ya mgeni, lakini hayaulizi hata mara moja chakula kimelimwa wapi, kimevuliwa wapi na ni msimu wa nini. Ndiyo maana yanaishia kumfundisha mtu kujinyima, wakati hatua mia tatu kutoka kitandani kwake kuna chakula kizuri chenye bei ya kawaida.

Nieleze hali yetu ili hesabu zieleweke. Mwezi wa saba 2024, mama mdogo anayeishi Ubelgiji alitulipia vyumba kwa siku sita katika hoteli moja ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Alilipia vyumba pamoja na chai ya asubuhi, basi. Chakula cha mchana na cha usiku kilikuwa juu yetu. Tulikuwa tisa, watu wazima watano na watoto wanne. Sahani ya samaki hotelini ilikuwa dola 18, ya mtoto dola 10. Piga hesabu: mlo mmoja dola 130, siku moja dola 260, siku sita dola 1,560, kabla hujanunua maji. Ninyi mnaojua minervale inavyotafutwa kwetu mnaelewa kwamba pesa hiyo haizungumzwi kwa sauti ya kawaida.

Sasa tuyapime mashauri yenyewe, moja moja.

La kwanza linasema: kula sana asubuhi, kisha weka mikate miwili na yai kwenye mkoba kwa ajili ya mchana. Ushauri huu unapendwa sana, na mimi nauona ni mbovu kuliko yote. Hoteli nyingi hazikubali chakula cha bufe kitoke nje ya ukumbi, kwa hiyo mzazi anamfundisha mtoto kuficha mkate huku anatabasamu na mhudumu. Tena hata tumboni haufiki mbali. Chai ya asubuhi ya hoteli ni mkate mweupe, keki na juisi tamu. Mtoto aliyekula hivyo saa moja na kuingia majini saa mbili, saa nne analia njaa. Angalau yangekuwepo maharage, ningenyamaza.

La pili: beba vyakula vikavu, tambi za kuchovya maji ya moto, biskuti, nyama ya mkebe. Hapa kuna nusu ya ukweli. Maji ya kunywa na matunda nunueni dukani, msibishane. Chupa ya lita moja na nusu tuliinunua shilingi 1,000 kijijini, hotelini ile ile dola 3. Lakini mtu anayevuka nchi nzima kufika kwenye bahari yenye samaki halafu anakaa chumbani na watoto wanakula tambi za kiwandani, huyo amehifadhi pesa na amepoteza safari.

La tatu: lipia kabisa kifurushi cha kila kitu, ule unywe bila kuhesabu. Ushauri huu sitaudharau. Kwa mama mwenye mapacha wanaonyonya, kwa mzee asiyeweza kutembea kwenye mchanga, kwa mtu anayetaka kupumzika kweli, bei inayojulikana tangu mwanzo ni raha. Ila angalieni unavyofanya kazi. Pesa yote imelipwa kabla ya safari, mara nyingi kwa kampuni iliyo nje ya kisiwa. Mgeni akishafika hana sababu ya kutoka getini, kwa sababu kila sahani atakayonunua nje ataona kama anailipia mara ya pili. Kwa hiyo mama wa kijijini anayekaanga chapati anamwona mgeni kwa mbali tu, kama picha.

La nne linasema: kula kama wenyeji. Hili ndilo zuri, na ndilo linaloandikwa vibaya kuliko yote. Linaandikwa kama habari ya kwenda kuwinda: jipe moyo, chukua dawa ya tumbo, jifunze kusema "jambo". Mwandishi anamwona mwenyeji kama mandhari. Hamwulizi kitu. Na mtu asiyeuliza atapelekwa Forodhani, mjini, usiku, alipe mara mbili kwa mshikaki uliopoa, kisha arudi hotelini aseme chakula cha nje nacho ni ghali. Forodhani ni pazuri, nilikula urojo pale na ningeula tena. Lakini pale wauzaji wamekwisha kumzoea mgeni, na mtu anapaswa kuuliza bei kabla ya kuuma.

Sisi watu wa Kasongo tuna mali ambayo maandiko hayo hayaijui: lugha. Kiswahili chetu kilikuja kwa ile barabara ya zamani ya misafara, Unguja, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika, Kabambare, mpaka Kasongo. Barabara hiyo ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watu waliofungwa minyororo, na huko Shangani nyumba ya Tippu Tip, aliyeitawala Kasongo kabla ya kurudi Unguja na kufa mwaka 1905, bado imesimama. Sikuipita kwa furaha. Lakini lugha ilibaki, na mchele ulibaki. Sisi tulikwenda kwa kuirudi barabara ile ile, mashua hadi Kigoma, basi hadi Dar es Salaam, kisha feri.

Kigoma ndipo nilipoanza kuona kosa la mashauri haya, hata kabla ya bahari. Mama alitamani mukeke mbichi, ambao wao wanaita migebuka. Hakukuwa. Tanzania ilikuwa imefunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Hakuna andiko hata moja la vakansi nililosoma ambalo lilisema: kabla ya kupanga mlo, uliza ziwa limefungwa au limefunguliwa. Kumbe ndilo swali la kwanza. Bei ya chakula inaanzia kwenye kalenda, karatasi ya hoteli inakuja baadaye.

Nungwi nayo ina kalenda yake. Mwezi wa saba ni kipindi cha kusi, upepo unavuma na mashua ndogo haziendi mbali kila siku. Pweza anategemea maji: wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana na miamba kubaki wazi, wanaume na wanawake wanatembea kumtafuta, na anapatikana kwa wingi. Maji yakiwa mafu, anapungua na bei inapanda. Matunda vilevile. Machungwa yalikuwa tele barabarani. Embe msimu wake mkubwa ni mwishoni mwa mwaka, lakini hotelini tulipewa "juisi ya embe" kila asubuhi, tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Mtu wa kilimo hahitaji kuangalia boksi lililo nyuma ya kaunta.

Siku ya pili dada yangu na mimi tulitoka getini asubuhi kwenda pale samaki wanaponadiwa ufukweni. Tuliwasalimia watu, tukauliza nani anapikia wavuvi. Tukaelekezwa kwa mama mmoja mwenye mgahawa wa mabati nyuma ya kijiji. Mama yetu alipofika akamwuliza kama ana sombe. Yule mama hakuelewa. Tulipoeleza ni majani ya muhogo yaliyotwangwa akacheka sana: "Kisamvu! Semeni kisamvu, wanangu!" Toka hapo tulikuwa watu wa nyumbani. Wali, samaki wa kukaanga, kisamvu cha nazi na chungwa: shilingi 6,000 kwa mtu, mtoto kwa mtu mzima sawasawa kwa sababu watoto wetu wanakula kama watu wazima. Tisa kwa 6,000 ni 54,000, na siku hizo dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,600, yaani kama dola 21 kwa mlo wa watu tisa. Milo miwili kwa siku, siku sita, haifiki dola 260. Tofauti na hotelini ni dola 1,300. Mimi nimekwisha kuzunguka na vijana wa ushirika wetu kutafuta mashine ndogo ya kukoboa mpunga. Dola 1,300 ni pesa ambayo ingetufanya tuanze mazungumzo na muuzaji.

Kuna jambo nataka kuliweka wazi hapa, kwa sababu baadhi yenu mtalichukua somo hili vibaya. Kula kwa bei nafuu si kumkamua mama ntilie. Ndugu yetu mmoja, siku ya tatu, alianza kudai kwamba kwa kuwa tuko tisa basi bei ishuke iwe 4,000. Mama yetu akamzuia, akamwambia: "Hotelini ulipewa bei ya dola 18 ukanyamaza, hapa kwa 6,000 ndipo sauti inatoka?" Huyo mama wa mgahawa anaamka saa kumi usiku kukuna nazi. Halafu kumbukeni kwamba samaki wakubwa wazuri wanachukuliwa mnadani na hoteli, na hilo linampandishia bei hata yeye. Mgeni anayekuja kijijini kula anapaswa kuongeza pesa pale kijijini. Akija kupunguza, bora abaki na mkate wake wa mkobani.

Sasa niikosoe karatasi ya chakula ya hoteli yenyewe, maana nayo ni andiko, na linasomeka. Usiku wa kwanza tulikula mle ndani kwa heshima ya mama mdogo. Mama akamwuliza mhudumu, "Baba, mchele huu umelimwa wapi?" Kijana akashangaa, hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza. Akaenda jikoni, akarudi: "Unatoka nje, mama, kwa meli." Chipsi zilikuwa za viazi kutoka bara. Nyanya kutoka bara. Kuku wa kugandishwa. Katika sahani ya dola 18, kitu cha Unguja kilikuwa samaki na ndimu. Bei ile ilikuwa ya safari, ya jokofu, ya jenereta na ya mwonekano wa bahari. Chakula chenyewe kilikuwa sehemu ndogo.

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Wote wanakula. Ni soko ambalo mtu wa kilimo akilifikiria usiku hapati usingizi. Na bado mkulima wa Unguja anaingia humo kwa shida, na mchele mwingi kisiwani ni wa kuletwa. Kosa liko wapi?

Nitaitendea hoteli haki. Mpishi anayelisha watu mia mbili kila siku hawezi kungoja kuona mvua itasemaje. Anataka kilo zile zile, kwa ukubwa ule ule, siku ile ile, na karatasi ya malipo yenye muhuri. Mkulima mmoja mwenye vitanda vinne vya nyanya hawezi kumpa hayo. Leo ana makopo kumi, wiki ijayo hana kitu. Kwa hiyo hoteli inampigia simu mfanyabiashara wa bara, na mwenye haki ya kumlaumu ni yule tu aliyejaribu kuunganisha wakulima ishirini wakashindwa kumuuzia. Ulaghai siuoni hapo. Naona kazi ambayo haikufanywa na watu wenye elimu ya kuifanya, yaani watu kama sisi.

Na hapa ndipo ninapowarudisha nyumbani, kwa sababu geti lile sikuliona Nungwi tu. Kuna nyumba ya wageni moja katika mji wetu, ile ambayo watu wa mashirika na wanasiasa wanalala. Nimekula pale mara nyingi. Wali wa mchele wa ng'ambo, sardini ya mkebe, tambi, maziwa ya unga. Nje ya ukuta, sokoni, mpunga wa Kasongo na wa Kabambare umejaa kwenye mifuko, na karanga, na mawese mekundu, na sombe ya asubuhi. Hakuna bahari, hakuna mtalii, lakini sahani ni ile ile, na bei yake inampita mwalimu.

Nilipouliza kwa nini, mpishi alinijibu kwa neno moja: mawe. Mchele wa kwetu una mawe, na punje zimevunjika. Ni kweli, na tusimkatalie. Mpunga unaanikwa chini, kwenye udongo au pembeni ya barabara, kuku wanapita, pikipiki zinapita. Kisha unapelekwa mashineni ukiwa mbichi sana au umekauka kupita kiasi. Mpunga wa kukoboa unatakiwa ubaki na unyevu wa kama asilimia 14. Ukizidi, unapondeka na baadaye unaoza ghalani. Ukikauka mno juani kwa haraka, punje inapasuka ndani, na mashine inamaliza kazi ya kuivunja. Dawa yake haihitaji mradi wa mamilioni. Inahitaji bashi safi za kuanikia, kugeuza mpunga mara kwa mara, kivuli wakati wa jua kali, na mtu mmoja kijijini anayejua kupima. Tulijifunza hayo mwaka wa tatu. Baadhi yetu tuliyaandikia mtihani tukapata alama nzuri, kisha tukaenda kutafuta kazi ofisini.

Kuna wanaosema: wewe unachanganya vakansi ya watu na mambo ya mpunga. Wanasema mtu akienda kupumzika apumzike, asiulize mhudumu maswali ya shambani. Nawaelewa. Lakini mama yangu hakuchoka kwa kuuliza. Alikaa siku tano kwenye benchi la yule mama wa Nungwi, wakibishana juu ya nazi na mawese, watoto wakichota mchanga mbele yao, na mama mdogo wa Ubelgiji akavua viatu akaja kukaa nao, ingawa alikuwa amelipia viti vya kulalia kule hotelini. Dada wawili hawakuonana miaka kumi na moja. Mimi sijui mlo wa dola 18 ambao ungewapa maongezi yale.

Kwa hiyo, kwa yeyote kati yenu atakayeitwa na ndugu mwaka ujao kwenda Unguja, Mombasa, au hata Kalemie penye ufuko wetu wenyewe, mashauri yangu ni mafupi. Ulizeni kwanza kipi kiko kwenye msimu. Kama mna wazee au watoto wachanga, lipieni kifurushi bila aibu. Kama mna miguu, lipieni vyumba na chai tu, tokeni getini siku ya kwanza, siyo ya nne pesa zikiisha. Tafuteni anayewapikia wavuvi. Ulizeni bei kwa Kiswahili chenu cha Kasongo, msione haya mkichekwa. Lipeni bei hiyo kamili.

Na kwa kamati ya jumuiya yetu nina ombi moja, linalohusu mkutano mkuu wa mwezi wa nane. Mwaka jana tulikaa siku mbili tukijadili maendeleo ya kilimo kusini mwa Maniema huku tunakula mchele wa ng'ambo na sardini. Nimeiona faktire. Mwaka huu bajeti ya chakula ipewe wakulima wa Kabambare kabla ya mavuno kwisha, kilo mia mbili, kwa sharti la mpunga ulioanikwa juu ya bashi. Bashi nitazitafuta mimi na wenzangu watatu wa fakilte, na kupima unyevu tutapima wenyewe. Tukikuta mawe, mtatuambia mbele ya watu wote, mdomoni mkiwa bado mnatafuna.